Nahodha wa Viazi: Mama Annah Apanda Mashua

Tulieni basi. Najua mmekasirika. Juma zima nimetukanwa. Hata pale soko la Burma, nikinunua nyama yangu kwa amani, mtu amenishika shati akaniuliza, "Wewe ni mwandishi gani? Unamwacha kijana wa watu baharini ameshika kamba asiyoijua?" Si mimi, jamani. Nafasi iliniishia, ukurasa ukajazwa matangazo ya sabuni. Leo namrudia.

Kamba i mkononi mwa Bwire. Mashua imeachana na gati. Na Muse, mwenye mashua, mtu pekee hapo anayejua tanga linafanya kazi gani, amebaki nchi kavu na mikono kiunoni. Kisa? Bwire alimtolea kifua mbele ya wakwe akamwambia, "Shuka wewe. Leo nahodha ni mimi."

Nahodha! Na wewe unayeanza kusoma leo, usidanganywe na hilo neno. Bwire ni kijana wa Kariobangi, alikuwa akichomelea madirisha kwenye karakana ya jua kali kabla ya kupata kazi katika meli ya watalii. Kazi yenyewe ni kumenya viazi. Anamenya kutoka Mombasa mpaka Durban, halafu anageuka anamenya kurudi Mombasa. Lakini kwa simu alimwambia Mama Annah, mama wa mpenzi wake Nafula, kwamba yeye ni nahodha msaidizi.

Mama Annah anauza omena, visamaki vya kukausha, soko la Kariobangi. Mtu hamuuzii omena mbovu, na wala hamuuzii maneno. "Meli ikifika Mombasa," akasema, "nitakuja nimwone huyo nahodha kwa macho yangu." Akapanda gari moshi pamoja na Nafula na shemeji yake, Mzee Nyongesa, mstaafu wa reli, anayekaa Muthurwa.

Meli imesimama Mombasa siku moja tu. Saa kumi jioni inaondoka. Kuwapandisha wageni melini Bwire hawezi, hata yeye mwenyewe anaingilia mlango wa jikoni. Ndipo akakodi mashua ya tanga, kizunguko kifupi tu, awaonyeshe ufundi wake kisha awarudishe gatini wakiwa wameridhika.

Na lazima waridhike. Jumamosi ijayo watu wa Austine, karani wa kanjo, baraza la jiji, mwenye nyumba ya vyumba viwili kule mtaa wa Jericho, wanakuja kwa Mama Annah kumposa Nafula. Mama akiwaitikia hao, Bwire amemkosa Nafula maisha. Hilo ndilo lililompeleka baharini, si ushujaa.

Haya, twende.

"Legeza kamba!" Muse alipiga kelele kutoka gatini.

"Gani?"

"Hiyo uliyoishika! Ilegeze, mwanangu!"

Bwire akaivuta.

Tanga likajaa upepo, pu! Mashua ikachomoka kama mwizi aliyepigiwa kelele. Mzee Nyongesa akaanguka chali sakafuni, na huko chini akaamua ndipo atakapokaa.

"Kumbe inaenda mbio hivi?" Mama Annah akauliza huku ameshika kikapu chake kwa mikono miwili.

"Hii ni pole pole, Mama," Bwire akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye nyayo. "Kule melini tunakwenda mara kumi ya hii."

"Mimi ni mtu wa reli," Mzee Nyongesa akalalamika kutoka chini. "Reli haiyumbi. Reli inajua inakokwenda."

Nafula alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye usukani. Nani alimweka pale? Hakuna. Alikaa tu, kwa sababu Bwire alipokuwa akijigamba gatini, yeye alikuwa akimsikiliza Muse. Nafula hushona sandali za ngozi soko la Kariokor, na fundi yeyote anayefanya kazi na kisu hujifunza kusikiliza anapoelezwa kitu. Akainama mbele akamnong'oneza Bwire.

"Unajua kuendesha hii kitu?"

"Iko poa."

"Sijauliza kama iko poa. Nimeuliza unajua?"

"Nafula, manze, kitu najua ni viazi."

"Mungu wangu. Mathe akisikia!"

"Hatasikia."

Mama Annah hakusikia. Alikuwa ameshughulika na kikapu. Akatoa bakuli, akafunua, harufu ya kuku wa kukaanga ikajaa mashua nzima. Akachagua paja nono, akamnyooshea Bwire.

"Shika, Bwana Nahodha. Kula."

Bwire akarudi nyuma kama aliyenyooshewa bastola.

Wasomaji wangu wa Bungoma na Busia, nyinyi mmeshika vichwa, najua. Lakini kuna wanaosoma hapa na hawaelewi, wanadhani mama wa watu amefanya ukarimu. Ngojeni niwaambie. Kwa watu wa kwao Bwire na Mama Annah, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono. Hawakai karibu. Hawali wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja anapinda, na kama ni Kariobangi anaingia kwenye kioski kununua kiberiti asichokihitaji. Ni heshima kubwa, na haina mchezo.

Sasa tazameni Mama Annah. Asubuhi kituoni alimshika Bwire mkono, akautikisa vizuri. Akampa kikapu ambebee. Ndani ya mashua akaja kukaa naye goti kwa goti. Na sasa anamlisha kuku. Kila wema ulikuwa kofi! Kila tabasamu lilikuwa likisema: wewe si mkwe wangu, kijana, na hutakuwa.

"Mbona huli?" akauliza.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini? Unaniogopa? Mimi si mkwe wako. Kula tu, kama mtoto wa jirani."

Tumbo la Bwire likanguruma mpaka Mzee Nyongesa akafungua jicho moja. Tangu jana usiku hakuwa ametia kitu mdomoni, kwa wasiwasi. Lakini akabana meno. Angekula lile paja, angekuwa amekubali mwenyewe kwamba yeye ni mtoto wa jirani.

"Mama, mimi siwezi kula mbele yako," akasema. "Unajua kwa nini."

"Sijui." Mama Annah akaling'ata paja mwenyewe. "Basi niambie, hiyo ndiyo meli yako?"

Wote wakageuka. Meli ilikuwa mbele yao, nyeupe, ghorofa saba zikiwa zimepangwa juu ya maji, wazungu wamejaa vibarazani na kofia zao.

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Mbona inatujia?"

"Haitujii, Mama. Sisi ndio tunaiendea."

Upepo uliwashika kwa nyuma ukawasukuma moja kwa moja. Bwire akavuta kamba, mbio zikazidi. Akailegeza, tanga likapigapiga kama shuka kwenye kamba ya nguo, lakini mashua haikusimama. Nafula akakaza usukani kwa mikono yote miwili, wakapita ubavuni mwa meli karibu mno, wakaona kutu.

Na hapo, chini karibu na maji, mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mlangoni amesimama Ndindi, mmenyaji mwenzake Bwire, Mkamba mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, akipunga upepo.

"Bwire! We Bwire!"

Bwire akatazama upande mwingine.

"Usijifanye hunioni! Rudi, bwana! Mpishi mkuu anakutafuta! Magunia matatu ya viazi hayajaguswa!"

Mama Annah akaacha kutafuna.

"Anasema nini huyo?" Mama Annah akauliza.

"Ni... ni utani wa baharini, Mama. Sisi manahodha huwa tunaitana..."

"Na aproni yako hii hapa!" Ndindi akaipeperusha, nyeupe, ina mabaka ya udongo. "Nivae mimi? Yangu imeraruka!"

Mashua ikapita. Sauti ya Ndindi ikabaki nyuma, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Mama Annah akaweka mfupa ndani ya bakuli, akafunika, akajifuta vidole kimoja kimoja. Wateja wake pale sokoni wanajua akijifuta vidole hivyo ni wakati wa kuhama.

"Viazi," akasema.

"Mama..."

"Viazi, kijana? Nimelala kwenye benchi la gari moshi usiku kucha, mgongo wote umekufa, nije kuona viazi?"

"Mama, mimi nilijua," Nafula akasema.

"Ulijua?"

"Vidole vyake vinanuka kitunguu hata kwa simu. Nilijua siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza!"

"Kwa sababu nampenda, Mama. Wewe ulisema hutaki mtu asiye na cheo. Sasa angefanya nini?"

Bwire akaachilia uoga. Hakikuwa kimebaki kitu cha kuficha, na aliyefika hapo huwa mwepesi wa ulimi.

"Mama, ni kweli. Namenya viazi. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kumkosa Nafula. Mchana namuwaza, usiku namuwaza. Hiyo kazi niliichukua kwa sababu yake, niache kulala kwenye karakana. Kama ni kosa, nipige hapa hapa. Lakini usimpe Austine."

Ilikuwa hotuba nzuri. Hata mimi niliyeiandika imenigusa. Mama Annah akaweka bakuli pembeni.

"Kijana," akasema, "viazi si aibu. Mimi nimesomesha watoto kwa omena. Lakini mtu akinidanganya juu ya viazi, kesho atanidanganya juu ya nini? Hapana. Jumamosi watu wa Austine wanakuja, na nitawapikia mimi mwenyewe."

Nafula akalia. Bwire akainamisha kichwa. Mzee Nyongesa akatapika. Kila mmoja kwa huzuni yake.

Na hapo ndipo upepo ulipobadilika.

Walikuwa wamekingwa na ubavu wa meli, mahali ambapo upepo haufiki. Tanga likanyauka. Wote wakadhani bahari imewahurumia. Kumbe wapi! Pua ya mashua ilipochomoza tu upande wa pili, upepo ukaja kwa nguvu kutoka mkono mwingine, boriti ya tanga ikapita vuu juu ya vichwa vyao, mashua ikalala ubavu.

Bakuli la kuku likaenda na maji. Mama Annah alikuwa upande wa chini, na bahari ikamwingia mapajani.

"Yesu wangu! Tunakufa!"

"Wote upande wa juu!" Nafula akapiga kelele. Hayo ndiyo aliyoambiwa na Muse: chombo kikilala, watu waende upande ulioinuka, wakae pamoja. "Mama, panda huku! Kaa na Bwire!"

Bwire alikuwa juu tayari, ameikumbatia mbao. Alipomwona Mama Annah anateleza, hakufikiri. Akaushika mlingoti kwa mkono mmoja, akainama, akanyoosha mwingine kumzungushia kiunoni amvute.

Mkono ukakaribia. Ukabakiza shubiri.

"Wee Bwire!" Mama Annah akapaza sauti iliyosikika mpaka ghorofa ya saba. "Unashika kiuno cha mama mkwe wako?"

Bwire akaganda.

Nafula akaganda.

Mama Annah mwenyewe akafunika mdomo kwa kiganja, lakini ndege alikuwa amesharuka. Akapanda upande wa juu peke yake, kwa magoti na viwiko, bila kuguswa na mtu, akaenda kukaa mbali kabisa na Bwire, pembeni mwa mashua. Chombo kikainuka kikatulia.

Kutoka sakafuni, polepole, kikatokea kichwa cha Mzee Nyongesa. Kilikuwa cha kijani kwa kichefuchefu, lakini macho yalikuwa makali.

"Umesema nini, shemeji?"

"Sijasema kitu."

"Nimesikia."

"Ulikuwa unatapika!"

"Natapika kwa mdomo, nasikia kwa masikio. Umesema mama mkwe."

"Nilishtuka, Nyongesa! Maji yalikuwa yameniingia!"

"Ulishtuka ukasema kilichoko moyoni." Mzee akajikokota akakaa, akashika mbao kama aliyeketi mbele ya baraza. "Asubuhi umempa mkono. Umempa kuku. Kama ni mtoto wa jirani, si angekushika kiuno akakuokoa, na ungemshukuru? Mbona umeogopa mkono wake kuliko maji?"

Mama Annah akaanza kukamua maji kwenye leso yake.

"Jibu basi, shemeji."

"Mtoto mwenyewe alikataa kuku," Mama akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nimemsumbua na kuku, na ana njaa, nilisikia tumbo lake. Akakataa. Nikasema moyoni, huyu ana adabu. Basi. Ndiyo hapo ilinishika."

"Mimi ndiye nimekaa mahali pa marehemu kaka yangu," Mzee Nyongesa akasema. "Mimi nimesikia, Nafula amesikia, na wale wazungu wamesikia ingawa hawakuelewa. Bwire ni mkwe wetu. Austine nitamwendea mwenyewe Jericho nimwambie amechelewa."

Mnataka niwaelezee furaha? Nafula alicheka na kulia pamoja, akasahau usukani, mashua ikazunguka mara mbili. Bwire alilia waziwazi bila kujificha, akipangusa kamasi kwa kamba ya tanga. "Asante, Mama," akawa anasema. "Asante, Mama. Asante."

Mngeniomba niishie hapa, ningeishia. Harusi, keki, mambo yaishe. Lakini hamumjui Mama Annah.

Mama Annah alikuwa amejitanda leso mpaka usoni. Amempa Bwire mgongo, kama inavyompasa. Halafu mgongo ule ukaanza kutetemeka.

"Nyongesa," akasema kutoka ndani ya leso. "Kama huyu ni mkwe, anafanya nini ndani ya chombo kimoja na mimi?"

Mzee Nyongesa akajifuta mdomo.

"Nilimpa mkono kituoni. Amenibebea kikapu. Magoti yetu yamegusana, Nyongesa! Nimemlia kuku usoni!" Sauti ikapanda. "Maskini mimi! Nitarudi vipi nyumbani? Wenzangu kule sokoni watasema nilipanda mashua na mkwe wangu nikafungua mapaja ya kuku!"

"Mama, hakuna mtu atajua," Nafula akasema.

"Mimi nitajua! Mungu atajua! Siwezi kukaa hapa hata kidogo. Mmoja wetu ashuke."

"Mama, tuko baharini!"

"Sijali tuko wapi. Ashuke."

Nafula akamgeukia baba yake mdogo. "Baba mdogo, mwambie!"

Mzee Nyongesa akakuna kidevu. Muda mfupi uliopita alikuwa ametumia desturi kumpata mkwe, sasa angeikanyaga vipi? "Kwa kweli," akasema bila raha, "mama yako ana haki. Pahali pembamba namna hii, si vizuri."

"Nyinyi ni wazimu nyote wawili!"

Lakini Bwire alikuwa ameshasimama.

Mtazameni, jamani. Kijana ambaye asubuhi alikuwa mwongo, adhuhuri amekuwa mkwe, na sasa ameamua kuwa mkwe bora kuliko wote waliopata kuzaliwa. Akamwachia Nafula kamba, akavua sandali zake, akazipanga vizuri. Akavua shati, akalikunja.

"Mama," akasema, akiutazama ule mgongo uliojitanda leso, "nilikudanganya mara moja. Sitakuvunjia heshima mara ya pili. Nitashuka mimi. Nitashika ubavu wa mashua mpaka gatini."

"Bwire, kaa chini!" Nafula akalia. "Hujui kuogelea!"

"Maji si mengi."

"Meli ya ghorofa saba imeelea hapo na wewe unasema maji si mengi?"

Alikuwa anasema kweli, binti wa watu. Bwire alijua kuchomelea mlango, alijua kumenya kiazi kikatoka na ganda moja refu. Kuogelea angejifunzia wapi? Kariobangi? Kwenye karai?

Akajirusha.

Alikuwa amepanga kushika ubavu wa mashua. Lakini mashua ina tanga, na tanga lilikuwa na upepo, na ubavu haukumngoja. Alipochomoza, mikono yake ikakamata povu. Akazama. Akachomoza tena, macho yamemtoka, akapiga maji kama mtu anayefukuza nyuki.

Nafula alikuwa na usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga kwa mwingine. Akageuza pua ya mashua kwenye upepo kumrudia Bwire, akafaulu kuisimamisha. Lakini hakuthubutu kuachilia, chombo kingepinduka na wote wangekuwa majini. Mzee Nyongesa alikuwa amerudi sakafuni, amegeuka kijani upya. Muse gatini alikuwa mdogo kama punje.

Upande ule alikozama Bwire, karibu naye kabisa, alikuwepo mtu mmoja tu.

"Mama!" Nafula akapiga ukelele uliopasuka katikati. "Mpe mkono! Mama, mpe mkono!"

Leso ikaanguka. Mama Annah akageuka akamwona mkwe wake uso kwa uso, maji yamefika puani, mkono mmoja umenyooshwa kumwelekea yeye. Akainama juu ya ubavu. Akanyoosha mkono wake, ule ule aliomsalimia nao kituoni. Ukaenda, ukafika nusu ya njia, ukasimama.

"Mkwe wangu," akasema huku machozi yanamtoka, "mbona unanitia katika mtihani huu?"

Kichwa cha Bwire kikazama. Vikabaki vidole vitano juu ya maji, halafu vitatu. Na mkono wa Mama Annah ulikuwa bado hewani.